Kabla ya Kisu: Nyama ya Nyumbani Kwenye Ardhi ya Dhahabu

Mkazi wa Rwamgasa, eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, mwenye kuku kumi na mbuzi wanne uani husikia kauli tatu zinazopingana. Afisa mifugo humwambia asile nyama isiyokaguliwa. Jirani humwambia nyama ya bucha haijulikani ilikotoka, heri mbuzi uliyemlea mwenyewe. Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: kila kinachochakura ardhi hii kimekula zebaki, kwa hiyo afadhali kuacha kufuga kabisa.

Kila kauli ina ukweli wake, na kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza inahusu magonjwa, ya pili uaminifu, ya tatu sumu. Zikichanganywa, mtu hubaki njia panda. Uchambuzi huu unazitenganisha, kisha unazipima kwa mizani moja: nini kinaingia kwenye chungu cha familia ya mchimbaji, na kwa gharama gani.

Ardhi na watu wake

Dhahabu ya ukanda wa Geita ilianza kujulikana enzi za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi mkubwa wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi wa kisasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Rwamgasa, ambayo kwenye nyaraka nyingi huandikwa Lwamgasa, imejengwa na mikono ya wachimbaji wadogo. Jiwe hutoka duarani, yaani shimoni, husagwa kwenye karasha, kisha unga wake hupitishwa kwa maji kwenye mialo, yaani mifereji ya kunasia dhahabu. Dhahabu iliyonaswa hukusanywa kwa zebaki, na zebaki huchomwa hadi itoke kama moshi. Mchanga unaobaki, yaani marudio, huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjulia kwa sianidi.

Kinachoitofautisha Rwamgasa na mgodi wenye uzio ni kwamba kazi hii yote imechanganyika na makazi. Karasha linanguruma nyuma ya nyumba, dimbwi la mwalo liko hatua chache kutoka shamba la mpunga, na kuku hana mpaka. Ndiyo maana mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, wa kupunguza zebaki duniani, uliofanya kazi katika nchi sita mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliichagua Rwamgasa kuwa eneo lake nchini Tanzania. Utafiti wa afya uliotokana na kazi hiyo na kuchapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha wakazi wa Rwamgasa na watu wa mji wa Katoro. Takribani robo ya wachoma dhahabu waliopimwa walikutwa na sumu sugu ya zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na STAMICO, shirika la madini la taifa, inaendesha kituo cha mfano Lwamgasa kuonyesha uchenjuaji usiotumia zebaki. Hatua zote mbili ni njema. Lakini zebaki iliyokwisha kumwagika ardhini kwa miongo kadhaa haiondolewi na saini.

Kwa nini watu wanafuga

Anayewashauri watu wa machimboni waache kufuga haelewi jinsi fedha inavyotembea huko. Mchimbaji hapati mshahara. Anaweza kukaa miezi mitatu bila kitu, kisha mwamba ukatoa, akashika fedha nyingi kwa siku moja. Fedha hiyo ikibaki mfukoni huisha. Akinunua mbuzi wawili, imehifadhiwa mahali ambapo rafiki hawezi kuikopa kirahisi, tena inazaa: mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Mtoto akiugua usiku, mbuzi mmoja anauzwa asubuhi. Kwa Wasukuma, ambao ndio wengi katika ukanda huu, hesabu hii ilikuwepo kabla ya karasha la kwanza. Ng'ombe ni akiba kubwa, mbuzi ni akiba ya kati, kuku ni chenji ya mfukoni.

Kisha kuna nyama yenyewe. Wizara ya Mifugo imekuwa ikitaja kilo 15 za nyama kwa mtu kwa mwaka kuwa wastani wa Mtanzania, kiasi kidogo sana. Mbuzi wa kienyeji mwenye kilo 25 akichinjwa hutoa kama kilo 11 za nyama na mifupa. Kwa familia ya watu sita isiyo na jokofu, kilo 11 ni nyingi kwa siku moja na chache kwa mwezi. Kwa hiyo mbuzi huchinjwa kwenye tukio, na nyama ikagawiwa majirani ambao nao watarudisha siku yao. Kuku huliwa mlo mmoja ukaisha. Tofauti hii ndogo ina uzito kuliko mafunzo mengi ya ufugaji: mnyama anayefaa ni yule anayetoshea kwenye sufuria iliyopo.

Hoja ya bucha

Wanaotetea nyama iliyokaguliwa wana sheria upande wao. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Nyama ya mwaka 2006, iliyounda Bodi ya Nyama, zimejengwa juu ya msingi kwamba nyama ya kuuzwa ipite mbele ya macho ya mtaalamu. Msingi huo si urasimu mtupu. Mkaguzi humtazama mnyama akiwa hai, kisha akishapasuliwa hupapasa mapafu, hupasua tezi na kuchana ini kutafuta minyoo bapa. Kwenye nguruwe hukata misuli ya moyo na ulimi kutafuta vijifuko vyeupe vinavyofanana na punje za mchele.

Vijifuko hivyo vinastahili maneno zaidi. Ni watoto wa tegu. Nguruwe huwapata kwa kula kinyesi cha binadamu mwenye tegu, na binadamu akila nyama hiyo bila kuiva tegu humea tumboni mwake. Mayai ya tegu yakimwingia mtu mdomoni kwa mikono au maji machafu, watoto wa tegu wanaweza kupanda hadi kwenye ubongo wa mtu huyo na kumletea kifafa. Sasa fikiria kambi ya rashi, wanakokimbilia wachimbaji dhahabu mpya ikisikika: watu mamia wamefika wiki mbili zilizopita, vyoo havijachimbwa, nguruwe wanazurura, na jioni kitimoto kinachomwa harakaharaka kwa watu wenye njaa. Mzunguko wa tegu hauhitaji kitu kingine.

Udhaifu wa hoja ya bucha ni wa aina mbili. Kwanza, mkaguzi ni mmoja na vijiji ni vingi. Mtu anayeishi mbali na karo la kuchinjia hawezi kumburuta mbuzi wake hadi huko kwa ajili ya kipaimara au arobaini. Pili, ukaguzi huu ni wa macho na vidole. Unaona minyoo, majipu na kifua kikuu, lakini haumwoni mnyama aliyechomwa sindano ya oksitetrasaiklini juzi, wala hauioni zebaki. Muhuri wa zambarau wa mkaguzi haukuahidi hilo, ingawa wanunuzi wengi wanausoma hivyo.

Hoja ya uani

Nguvu ya nyama ya nyumbani ni historia. Mwenye mbuzi anajua alizaliwa lini, aliugua nini, alipewa dawa gani. Mnyama hakusafirishwa juu ya lori kwa siku mbili. Amelala zizini mwake, amekunywa maji, amekaa bila malisho usiku kucha, na asubuhi kisu kikali kinapita mara moja, damu ikatoka yote. Nyama ya mnyama aliyetulia namna hiyo hukaa vizuri. Mchinjaji wa bucha mwenye wanyama ishirini wa kumaliza kabla ya jua kuchomoza hawezi kumpa kila mmoja utulivu huo.

Lakini historia hiyo hiyo ndiyo mtego. Mwenye mnyama anampenda, na zaidi ya hapo anaihitaji thamani yake. Mbuzi akianza kuzubaa, hukimbilia duka la dawa, hununua sindano, humchoma mwenyewe. Siku tatu baadaye, akiona haponi, anamchinja "kabla hajafa". Dawa nyingine huhitaji hadi wiki nne kutoka mwilini. Familia inakula ugonjwa na dawa yake kwa pamoja.

Hatari kubwa zaidi ni kibudu. Mnyama aliyekufa mwenyewe ni hasara kamili, na kwenye nyumba yenye dhiki kumtupa ni uchungu usiosemeka. Ndipo kimeta hupata mlango. Mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani na kwenye njia ya haja kubwa, mwili haukakamai kama ilivyo kawaida: huyo hapasuliwi hata kwa ajili ya kuangalia. Anayempasua anafungulia hewani vijidudu vinavyojigeuza kuwa mbegu sugu na kukaa kwenye udongo huo kwa miongo. Azikwe shimo refu, palepale alipo kama inawezekana, na afisa mifugo aitwe. Kwenye jambo hili sioni pande mbili.

Na kuna kufa kwingine kunakofanya hoja ya uani iyumbe kiuchumi: mdondo. Kuku wa kienyeji anayetaga mayai kumi na mawili na kuyaatamia siku 21 ni kiwanda kisichotumia umeme, hadi mdondo upite na banda libaki manyoya. Chanjo ya I-2, inayozalishwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, hudondoshwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Ugumu ni kwamba chupa moja inatosha mamia ya kuku, na mwenye kuku kumi hainunui peke yake. Kitongoji kinachokubaliana siku moja ya chanjo hula kuku. Kisichokubaliana, kila mwaka hula kuku wote kwa wiki moja, wagonjwa, kabla hawajafa.

Nani ashike kisu

Swali hili lina kovu. Mwaka 2013 mgogoro wa kuchinja uliibuka katika mikoa ya Mwanza na Geita, baadhi ya Wakristo wakidai haki ya kuwa na mabucha yao na wachinjaji wao, na Februari mwaka huo mchungaji mmoja aliuawa Buseresere, mji unaopakana na Katoro. Serikali ilisihi desturi iheshimiwe, kwamba nyama ya kuuzwa kwa umma ichinjwe na Mwislamu ili kila mtu aweze kuila.

Mkanganyiko wa leo unatokana na kuichukua kauli hiyo na kuipeleka kila mahali. Ubishi ulikuwa wa nyama ya umma. Mkristo anayemchinja kuku wake kwa ajili ya watoto wake hakuwahi kuwa sehemu yake. Shida huanza pale mbuzi wa nyumbani anapogeuka mbuzi wa shughuli, majirani wakaalikwa. Familia nyingi za ukanda huu zimelitatua kwa adabu ya zamani: humwita jirani Mwislamu, humkabidhi kisu, kisha humtengea fungu lake. Ni gharama ndogo sana kwa amani kubwa, na ningependa ishike nguvu zaidi. Mezani pia kuna mipaka mingine. Wasabato, ambao ni wengi Kanda ya Ziwa, hawali nguruwe wala sungura, kwa hiyo anayepanga kufuga kwa kuuza mtaani ajue kwanza anaishi na nani.

Sumu isiyoonekana

Hapa ndipo penye uzito wa suala lote, na ndipo panapozungumzwa kwa uvumi kuliko kwa maarifa.

Sianidi na zebaki hutajwa pamoja kama ndugu, lakini tabia zao ni tofauti. Sianidi huua upesi, mara nyingi ndani ya dakika chache, na haijikusanyi mwilini. Mbuzi aliyekunywa kwenye bwawa la mtambo ataanguka karibu na bwawa hilo, naye ni kibudu, hana mjadala. Anayepona hana sianidi ya kumrithisha mlaji. Zebaki haina haraka. Moshi wake hutua juu ya vumbi la ua, matone yake hubaki kwenye marudio, na mnyama huila kidogokidogo bila dalili. Ndani ya mwili, zebaki ya aina hii hukimbilia figo kwanza, kisha ini. Misuli, yaani mnofu wenyewe, hubaki na kiasi kidogo zaidi. Kwenye tope la madimbwi hali hubadilika: bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, aina inayopenya kirahisi hadi kwa mtoto aliye tumboni, na hiyo ndiyo inayojilimbikiza kwa samaki. Anayeogopa ini la mbuzi wake akakimbilia kambare wa dimbwi la mwalo ameruka majivu akakanyaga moto. Kuchemsha hakusaidii. Moto wa jikoni huua tegu na vimelea vingine, lakini hauiondoi zebaki iliyo ndani ya nyama.

Ukifuata mantiki hiyo, wanyama wa uani hawako sawa, na neno "mifugo" linaficha tofauti ambayo mlaji anahitaji kuijua. Bata ana hatari kuliko wote, maana anachuja tope kwa mdomo kutafuta minyoo. Nguruwe anayezurura anafukua. Kuku anachakura, na kwa desturi yake humeza vijiwe vya kusagia chakula, vijiwe ambavyo Rwamgasa vinaweza kuwa vya marudio. Kondoo hung'ata nyasi karibu kabisa na udongo na kula vumbi lake. Mbuzi akipewa nafasi hunyanyua kichwa, husimama kwa miguu miwili na kuchuma majani ya juu. Sungura wa kwenye kizimba hagusi ardhi kamwe.

Na hapa bucha inapata pointi ambayo watetezi wake wenyewe hawaitaji. Ng'ombe wake hutoka minadani, kwenye malisho ya mbali na mialo. Kwa upande wa zebaki, nyama yake inaweza kuwa safi kuliko ya bata aliyekulia uani mwa mchenjuaji anayeamini anakula cha nyumbani. Ile imani kwamba karibu ni salama na mbali ni mashaka, iliyo kweli katika vijiji vingi vya nchi hii, inapinduka penye dhahabu.

Hatari ya ua uliochanganyika na kiwanda imewahi kuonekana kwa ukubwa wake kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa kwenye nyua za nyumba. Mawe ya Geita si yale, na sumu yake kuu ni nyingine. Kinachofanana ni ramani: kazi, jiko, mtoto na kuku ndani ya ua mmoja.

Tazama kinachofanyika mbuzi anapochinjwa. Ametundikwa mtini kwa mguu wa nyuma, ngozi imevuliwa, tumbo limepasuliwa kwa uangalifu ili nyongo isipasuke. Kabla nyama haijagawanywa, ini linakatwa vipande, linapakwa chumvi na kuwekwa juu ya makaa kwa ajili ya waliofanya kazi. Vipande laini hupewa watoto waliokusanyika, na supu ya matumbo yenye figo humsubiri mama mjamzito ili apate nguvu. Ni desturi ya upendo. Ikiwa mbuzi huyo amezunguka mialoni maisha yake yote, desturi hiyo inawapelekea figo na ini wale wawili wasiopaswa kuvipata.

Kuweka kwenye mizani

Ushauri wa kuacha kufuga unashindwa kwenye mizani. Unaondoa akiba, protini na heshima ya nyumba, kisha haugusi vumbi ambalo mtoto analivuta kwa pua yake. Ushauri wa kutegemea bucha peke yake unaifaa familia yenye fedha kila wiki, na hiyo si familia ya mchimbaji. Kuendelea kama zamani, mnyama ajitafutie, ni bei rahisi kwa sababu gharama yake haihesabiwi leo.

Ninaloliona kuwa bora ni ufugaji wa kufungia, nikikiri kwamba una bei. Kuku wa bandani anataka chakula cha kununua. Mbuzi wa bandani anataka mtu wa kukata majani kila siku, na mtu huyo kwa kawaida ni mama au mtoto aliyetakiwa kuwa shuleni. Unafuu upo kwenye mabaki ya mazao ya Usukumani: maganda ya viazi vitamu na matembele kwa sungura na mbuzi, pumba za mahindi kwa kuku zikichanganywa na dagaa wa ziwani. Mashudu ya pamba, yanayopatikana kwa wingi kwenye vinu vya Shinyanga, ni chakula kizuri kwa mbuzi mkubwa, lakini yana sumu ya asili inayowadhuru kuku na nguruwe, na watu huwapoteza wanyama hao kwa kutojua hilo. Kufungia huko kunatoa faida nyingine bila kuiomba: mbuzi haanguki kwenye duara lililoachwa, hagombanishi majirani, na nguruwe hafiki kwenye kinyesi, hivyo tegu hukatika. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na isiyo na tiba hadi leo, nayo hupita kwa shida kwenye banda lisiloingiza mabaki ya kitimoto wala wageni.

Asiyeweza kufungia wote na aanze na walio juu kabisa kwenye orodha ya hatari ya tope. Awauze bata, au awahamishie kwa ndugu aliye mbali na mialo. Kuku awape banda na mchanga safi wa kumeza. Mbuzi anayesubiri shughuli ahamishiwe lishe na maji safi miezi kadhaa kabla, kwa sababu mwili huipunguza zebaki polepole na siku mbili hazitoshi. Maji yawe ya mvua au kisima kilicho juu ya mialo. Na zebaki isichomwe uani hata siku moja. Anayeichoma aifanyie kazi hiyo mbali na nyumba, kwa chombo kinachoukamata moshi.

Afisa mifugo naye abadilishe anachokihubiri. Badala ya kuwakataza watu kuchinja nyumbani, katazo asiloweza kulisimamia, awafundishe watu wawili katika kila kitongoji kulisoma ini, ulimi na mapafu, na kukitambua kimeta kabla ya kisu. Nyama ya kuuzwa ibaki chini ya muhuri wake.

Siku mbuzi aliyezunguka mialoni atakapochinjwa, mnofu ugawanywe kama kawaida. Figo na ini visipelekwe kwa mtoto wala kwa mjamzito, hata kama bibi ameshanyoosha sahani. Aelezwe sababu palepale, kwa heshima yake, na sahani yake ijazwe nyama ya paja.